Kifaa ya kubeba mu mfuko ya kusikiliza pumzi ya farasi: namna tunaitengeneza hapa Lubumbashi

Farasi yenye kusimama inaweza kukudanganya. Ile jike ya rangi ya kahawia yenye ilinifanya nianze hii kazi, munganga ya nyama alikuja, akaweka stetoskopu ku mbavu, akasikiliza kushoto na kuume, akahesabu pumzi 12 kwa dakika, joto sawa, moyo sawa, akaenda. Kesho yake asubuhi banaipeleka kukimbia, ku zunguko ya tatu inaanza kulia kama msumeno mu mbao mbichi, hrrr, hrrr, na kijana yenye alikuwa juu yake anaisimamisha anashuka, juu alidhani inakufa. Dakika tano kiisha, inanyamaza. Munganga akirudi, tena hakuna kitu.

Siyo kosa ya munganga. Ikiwa imesimama farasi inavuta hewa kidogo tu, lita kama tano kwa pumzi moja, pumzi 8 mpaka 16 kwa dakika. Ikikimbia mbio yote hewa yenye kupita ku koo inapita lita 1,500 kwa dakika, na yote inapita ku pua, farasi haiwezi kupumulia kinywa kama sisi ao kama mbwa. Sasa kama kuna kitu kinalegea ndani ya koo, ni ile upepo kubwa njo itakivuta na kukiliza. Kwa hiyo kifaa inafaa iende na farasi, ikimbie nayo, ikae ku kichwa yake bila kuisumbua. Hii njo sababu ya yote yenye nitaandika hapa.

Mi ni fundi ya telefone na radio, kibanda yangu iko Kamalondo, farasi nilizijua juu ya shemeji yangu mwenye kazi yake ni kuzitunza. Sikusomea unganga ya nyama. Nasema hii mapema kusudi mtu asichukue hiki kifaa akaanza kusema "farasi yako iko na ugonjwa fulani". Kazi yake ni kubeba sauti kutoka kiwanja mpaka ku masikio ya munganga, na kumuonyesha ile sauti ilitokea wakati gani. Yeye njo atasema jina. Tuko na bahati, fakulte ya veterinere ya UNILU (université ya Lubumbashi) iko hapa hapa mujini, kwa hiyo bantu ya kuulizia hawako mbali.

Kuna vyombo vya kweli vya hii kazi, na munganga mwenye anacho, umutumie yeye. Endoskopu ni bomba nyembamba yenye kamera, inapitishwa ku pua mpaka inaona zoloto, ile lango ya hewa mu koo. Zamani kuona koo ya farasi yenye kukimbia ilikuwa mpaka uipandishe ku mashine ya kukimbilia, na toka karibu 2008 zikatoka zile zenye kufungwa ku kichwa, farasi inakimbia inje na picha inakuja bila waya. Ni maelfu ya dola. Yetu haioni, inasikia tu, lakini inaweza kukuambia ni farasi gani kati ya kumi inastahili kutafutiwa ile ya kuona.

Mbele ya kununua ata waya moja, elewa kitu hiki: swali la kwanza la munganga ni "inalia ikivuta ao ikitoa?" Mi sikujua. Ni mzee mmoja palefrenye (mutunzaji wa farasi), amekaa nazo miaka mingi, nilimuuliza "Papa, unasikiaje?" akanijibu "mwanangu, usisikilize kelele, angalia ubavu, kelele iko inangojea ubavu ufanye nini?" Ile neno lilibadilisha kazi yangu yote, nilikuwa natengeneza kifaa ya kunasa kelele, kumbe inafaa inase kelele pamoja na wakati.

Juu angalia. Kuna ugonjwa yenye inashika neva ya upande wa kushoto ya zoloto, ni neva ndefu sana, inashuka mpaka kifuani inazunguka mshipa mkubwa wa damu kiisha inarudi juu ku koo, ikidhoofika ule upande haufunguke tena muzuri, na hewa ikivutwa kwa nguvu unajifunga unalia. Hiyo ni kelele ya KUVUTA. Farasi kubwa na ndefu njo zinashikwa zaidi. Kuna ingine, kaakaa laini inaruka toka mahali pake inakaa juu ya epigloti, kile kifuniko cha koo, hapo inakoroma kama maji mu chupa wakati wa KUTOA, inakuja kwa ghafla, farasi inapunguza mwendo kama mtu amevuta breki, ikimeza mate mara inarudi sawa. Na kuna ya tatu yenye siyo ugonjwa: farasi nyingi zikianza galo (mbio kubwa) zinapuliza pua prrr, prrr kila zikitoa pumzi, ni nyama laini ya matundu ya pua inatikisika, ni nzima kabisa. Hizi mbili za mwisho zote ni za kutoa. Ukichanganya, umetisha mwenye farasi bure ao umemutuliza bure, na ya pili njo mbaya zaidi.

Basi kifaa yetu iko na masikio moja na mguu moja. Masikio ni mikro, mguu ni sensa ya mtikisiko. Juu farasi ku galo inapumua mara moja kwa kila hatua nzima, pumzi na miguu vimefungana, inatoa hewa wakati mguu wa mbele unabeba uzito, na inavuta wakati mwili uko hewani. Ukirekodi mtikisiko na sauti pamoja, unaweza kusema bila kubahatisha ile kelele ilikuwa ya upande gani. Ku troti (mbio ndogo) ile kufungana si ya nguvu vile, usiitegemee.

Vitu vya kununua si vingi. Ka ESP32 (ka kompyuta kadogo kenye kuendesha yote), mikro ya dijitali aina ya INMP441, sensa ya mtikisiko MPU6050, ka kisomeo cha memori kadi, batri ya lithiamu ndogo na ka moduli kake ka kuchajia, swichi, na ledi moja. Batri usichukue ile ya duara ya kompyuta 18650, peke yake iko na gramu karibu 45 na ni ngumu kama jiwe ku kichwa cha farasi. Batri bapa ya telefone ndogo ao ya ekuta (ya kusikilizia ku masikio) inatosha, ukizima Wi-Fi ndani ya programu ile yenye 500 mAh inafanya masaa matatu bila shida, na zoezi moja halipiti dakika 20. Chaji ya USB ni ile ile ya telefone kwa hiyo umeme ikikatika unatumia paneli ya jua, mi njo nafanya vile siku nyingi.

Memori kadi nayo, chunga. Nilinunua moja imeandikwa GB 32, farasi tatu nikarekodi, nyumbani nafungua, ya kwanza iko sawa na zingine mbili ni kelele tupu kama televizyo bila anteni, kumbe ndani ilikuwa GB 4 na zilisha jaa picha nilizokuwa nimeweka. Asubuhi nzima ya bantu na farasi imepotea. Sasa kila kadi mupya naijaza mpaka mwisho ku kompyuta kiisha nasoma tena yote, ikikosea faili ata moja naiacha.

Sasa hesabu ya sauti, ni fupi. Ile kelele ya zoloto iliyolegea iko na mikanda mitatu ya nguvu, karibu na Hz 300 (ni kusema mitikisiko 300 kwa sekunde), Hz 1,600 na Hz 3,800. Kunasa sauti ya Hz fulani inafaa upime mara mbili yake na zaidi kwa sekunde, kwa hiyo kupima mara 8,000 inakufikisha 4,000 tu, ule mkanda wa juu utakuwa ku ukingo kabisa. Weka 16,000. Kwa biti 16 hiyo ni kilobaiti 32 kwa sekunde, karibu megabaiti 2 kwa dakika, dakika 20 ni megabaiti 40 haifiki, kadi ndogo kabisa inatosha. Andika kama faili ya sauti ya WAV, usibane. Na kitu kimoja cha programu chenye kilinisumbua wiki mbili: memori kadi saa ingine inasimama kidogo ikiwa inaandika, kama sehemu ya kumi ya sekunde ao zaidi, na kama huna mahali pa kuweka sauti ikingojea, inakatika, kiisha ku kompyuta unaona mapengo unadhani farasi imeacha kupumua. Weka bafa ya nusu sekunde, kilobaiti 16, ESP32 iko na nafasi ya kutosha.

Mtu atauliza kwa nini nisifunge telefone tu. Nilifanya, mu kifuko, chini ya tandiko. Nilisikia kwato, ngozi ya tandiko ikilia, na moyo wangu ukivunjika. Zaidi ya ile, telefone nyingi ziko na programu ndani ya kufuta "kelele" kusudi sauti ya mtu isikike, na pumzi ya farasi kwake ni kelele, inaifuta. Telefone itumie kwa video tu.

Mikro iwekwe wapi, hapa njo nilipoteza muda mrefu na hapa njo nakuomba usikimbie. Ukiweka mbele kabisa ya tundu la pua, ile hewa ya kutoa inaipiga kama upepo wa kimbunga, mikro inajaa, hakuna kitu ya kusoma. Ukiweka juu ku paji la uso, unasikia kwato na lijamu ikigonga meno. Mahali pazuri ni ku mukanda wa pua, katikati, juu ya mufupa, ka mikro kenyewe kakitelemka mbele kidogo ku kamukono ka plastiki ili kakae kati ya matundu mawili lakini juu yake, vidole vitatu vinne, nje ya njia ya hewa. Kaangalie chini. Ka tundu ka ile mikro kako upande wa chini wa ka plaketi, nimeona bafundi banakaziba na gundi kiisha banasema mikro ni mbovu. Na ukilehemu, usiache ile mafuta ya kulehemu iingie mule.

Juu ya mikro weka sponji, siyo ile ngumu ya kuoshea sahani, ile laini ya mto, unene wa kidole gumba, unaitoboa katikati unaingiza mikro kama mbegu mu tunda. Inje yake zungusha kipande cha soksi ya nailoni ya ba mama. Ile nailoni inazuia kamasi na vumbi, na vumbi ya hapa toka mwezi wa tano mpaka wa tisa unaijua mwenyewe, ile nyekundu yenye inaingia ata mu saa ya mkono. Ikiloa unabadilisha, ni kitu ya bei ya bule. Upepo utabaki kidogo ku sauti za chini, chini ya Hz 100, usijaribu kuutoa ndani ya kifaa, rekodi yote, utakata ku kompyuta baadaye.

Kijisanduku chenye ESP32 na batri kinakaa nyuma ya masikio, ku mukanda wa juu wa hatamu, na sponji chini yake. Vyote pamoja usipitishe gramu 150. Waya inashuka pembeni ya shavu imefungwa kila sentimita kumi, isibakie ata kitanzi kimoja cha kuingiza kidole, juu chenye kidole kinaingia, tawi ya mti itaingia. Na kufunga ni velkro tu, hakuna kamba, hakuna chuma, hakuna fundo. Farasi ikijikwaruza ku mlango wa banda ao ikianguka, kifaa inafaa ingoke yenyewe iende chini, ikivunjika tutatengeneza ingine. Jaribu na mkono wako mbele ya kuiweka ku mnyama: vuta kwa nguvu ya kufungua dirisha, isipongoka punguza velkro.

Tena kitu chochote kisizibe pua ata nusu tundu. Nilisha sema haina njia ingine ya hewa.

Farasi haipendi kitu mupya usoni. Siku ya kwanza iache inuse kile kijisanduku mu mkono wa palefrenye wake, siyo wako. Siku ya pili funga ikiwa inakula. Ya tatu tembea nayo. Ya nne njo mbio. Ile jike yetu ilichukua siku sita, kuna siku ilirudisha masikio nyuma kila ikiona waya, tukamaliza siku ile vile vile bila kurekodi. Ni sawa.

Sasa kuoanisha mguu na pumzi, na hii tunaifanya kwa njia yenye Lubumbashi inatupatia bila kulipa. Mu mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, pumzi ya farasi unaiona kwa macho, moshi mweupe kila ikitoa. Simama pembeni ya kiwanja, jua likiwa nyuma ya farasi, filma na telefone kwa mwendo wa polepole. Mbele ya kuondoka palefrenye anapiga makofi mara tatu karibu na mikro na mbele ya kamera, ile makofi njo itakuonyesha ku faili ya sauti na ku video wakati ni ule ule. Kiisha nyumbani unaangalia: moshi ukitoka, mstari wa mtikisiko uko wapi, juu ao chini? Andika. Ukifanya kwa hatua kama thelathini utaona inajirudia, na toka hapo ata Oktoba yenye joto bila moshi unaweza kusoma pumzi ku mtikisiko. Nilijaribu pia ka sensa ka joto pembeni ya pua, hewa ya kutoka ni ya moto ya kuingia ni ya baridi, ku farasi yenye kutembea inasaidia, ku galo inachelewa, na Oktoba saa saba mchana hewa ya inje inakaribia joto ya pumzi kwa hiyo hakuna kitu inaonekana. Niliiacha.

Zoezi lenyewe: dakika tano kutembea, tano troti, kiisha galo mpaka ile kelele itokee ao mpaka munganga alisema usipite, kiisha urekodi dakika tano ikirudi kupoa. Mwenye kupanda aseme kwa sauti "galo", "napunguza", "imekoroma sasa", mikro itamusikia, inasaidia sana kutafuta baadaye. Inafaa iwe mbio ya kweli, juu kuna farasi inalia tu ikichoka. Na kuna zingine zenye kaakaa inaruka kimya kabisa bila sauti, kwa hiyo rekodi safi na farasi yenye bado inakatika nguvu, usiseme ni nzima, mwambie munganga vile vile vyote viwili.

Ku kompyuta fungua na programu ya Audacity, haiombi pesa, badilisha picha ya mawimbi iwe spektrogramu, ile picha yenye inaonyesha sauti za chini na za juu kwa kila wakati. Pumzi nzima ni kama ukungu, imeenea, imefifia kuelekea juu. Kelele ya kuvuta ya zoloto utaona mikanda kama mistari ya daftari, na inakuja upande moja tu wa hatua. Ile ya kaakaa ni kama kitana, vijino vijino vya karibu karibu, ku upande wa kutoa. Kata sekunde kumi zenye zinaonyesha muzuri, na sekunde kumi za mbele haijaanza. Kumtumia munganga ku WhatsApp usitume kama sauti, itabanwa na zile za juu zinapotea, tuma kama dokima (document).

Mapafu ni habari ingine, yenyewe inasikilizwa ikiwa imesimama. Pale unaweza kukata bomba ya stetoskopu ya bei rahisi, ubakize sentimita tatu nne ku kichwa yake, uingize ka mikro ka electret (ka aina ya kawaida, siyo dijitali) ndani, uzibe na silikoni, waya ipite ku ka moduli ka kukuza sauti kiisha iende ku ile ile mashine. Sauti ya mapafu ni ndogo na iko chini, nyingi haipite Hz 1,000, kwa hiyo fanya mu banda yenye utulivu, mkono usitembee ku manyoya. Anza nyuma ya kiwiko, panda pole pole kuelekea mbavu za nyuma juu, pande mbili, pumzi tatu kila mahali. Baganga banatumia sashe kubwa safi ya plastiki, banaishika mbele ya pua dakika moja mbili kusudi farasi ivute kwa nguvu, kiisha banaitoa na kusikiliza zile pumzi kubwa zenye kufuata. Hiyo ni kazi ya munganga akiwa hapo, bantu bawili, na HAPANA kabisa ku farasi yenye tayari inahangaika kupumua. Ikikohoa ao ikichukua muda kutulia, ni habari ya kumuandikia.

Mi naongeza kitu kimoja kila mara kelele iko ya mapafu: picha ya majani yenye inakula. Ule ugonjwa yenye toka 2016 baganga bamekubaliana kuiita pumu ya farasi unatoka sana ku vumbi na ukungu wa majani makavu. Chukua mkono moja ya majani, tikisa mbele ya mwanga wa mlango, filma. Ile vumbi ikipanda kama moshi, munganga ataiona na ataelewa mbio.

Kuna siku kifaa inabaki mu mfuko. Pima joto kwanza, kila mara, nzima haipite 38.5. Ukikuta 40, ao povu ku pua, ao mashimo ya juu ya macho yamevimba, usikimbize farasi, usirekodi, piga simu, inaweza kuwa ile ugonjwa ya farasi ya Afrika yenye kuletwa na tududu tudogo twa kuuma jioni na alfajiri, ikishika mapafu inaua kwa haraka sana. Vile vile ikiwa imesimama inapumua zaidi ya 30 na matundu ya pua yamefunguka yote. Na kama kuna makamasi mazito na vidonda vimevimba chini ya taya, usipeleke kifaa pale kiisha uende banda ingine, ile inaambukiza kwa vyombo. Kila farasi iko na sponji yake na soksi yake, mukanda unaoshwa na sabuni, unapangushwa na dawa, unaanikwa ku jua siku nzima.

Ile jike, tulinasa kelele yake ku siku ya saba, dakika ya pili ya galo, mistari mitatu safi, yote ya kuvuta. Munganga alisikiliza na ekuta, akafunga macho, akarudisha nyuma mara nne, kiisha akauliza kama tunaweza kumuletea ile sehemu ya mbele haijaanza. Tulikuwa nayo. Faili tunaziandika jina ya farasi, tarehe, saa, na neno moja la mwendo, bila hiyo kiisha mwezi moja hakuna mwenye anajua gani ni gani.